Tuanze na Mlezi, Ndipo Ije Mashine



Barabara itokayo Nyabugogo kwenda mpakani Gatuna hupita hapa Gatsata. Pembeni mwake yapo magereji na maduka ya spea, na juu yake nyumba za wafanyakazi zimepanda mlimani. Ukiifuata barabara hiyo hiyo kuelekea kaskazini utafika kwenye mashamba ya chai ya Mulindi. Fundi wa Gatsata na mchuma chai wa Mulindi hawafanyi kazi moja wala hawalipwi na tajiri mmoja. Lakini kila asubuhi wote wawili wana swali moja: leo mtoto abaki na nani?

Siku hizi jibu limekuwa jepesi mno. Abaki na simu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunasomea ualimu wa watoto wadogo, wale wasiofika umri wa kuingia darasa la kwanza. Wazazi wetu ni mafundi wa magari, wauza spea, washonaji, wapika chakula na wachuma chai. Kesho sisi ndio tutakaowapokea watoto wenu. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tuzungumze nanyi mapema juu ya mashine hizi mpya, yaani simu za kugusa, vishikwambi, kompyuta na televisheni, na nafasi yake katika malezi. Hatuandiki ili kumlaumu mzazi yeyote. Twaandika kwa sababu jambo hili linaitwa la nyumbani, kumbe mizizi yake iko kazini.

SIMU IMEKUWA YAYA

Hebu tutazame jinsi jambo hili lilivyoanza. Zamani mtoto alibaki na bibi, au shangazi, au dada yake mkubwa. Leo bibi yuko kijijini, shangazi naye ana kazi yake, na dada mkubwa yuko shuleni, kama inavyompasa. Yaya hutaka mshahara, na mshahara wa fundi msaidizi hautoshi kumlipa mtu mwingine. Aidha, katika miaka ya karibuni serikali imeziondoa shughuli nyingi kwenye ardhi oevu za Kigali, na magereji ya bondeni nayo yameguswa. Mahali pa kazi pakisogea mbali, saa za mtoto kuwa peke yake huongezeka.

Hapo ndipo simu inapoingia. Haidai mshahara, bali bando tu. Mtoto wa miaka mitatu akipewa katuni hukaa kimya, hatoki, hagusi moto. Nani asiyependa yaya wa namna hiyo?

Tuliyazungumza haya na mama mmoja auzaye chakula kwa mafundi. Tulimweleza tuliyosoma chuoni. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, maneno yenu ni mazuri. Lakini hapa pana mafuta ya moto, pana jeki, pana magari yanayorudi nyuma. Mtoto akitazama katuni, mimi najua hajakanyagwa."

Ndugu zetu, jibu hilo halimo katika vitabu vyetu, na hatuna haki ya kulipuuza. Mama huyu hakuichagua simu kwa uvivu. Aliuchagua uhai wa mtoto wake, maana hakuwa na mahali pengine pa kumweka. Kwa hiyo yeyote anayemwambia mzazi "mnyang'anye mtoto simu" bila kumwambia "mpeleke mahali hapa" hajasema kitu.

Hata hivyo, haifai tudanganyane. Simu inamlinda mtoto na jeki, lakini haimlei. Tueleze kwa nini.

MTOTO MDOGO HUJIFUNZAJE?

Mwaka 2003 Profesa Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio moja. Walichukua watoto wachanga wa miezi tisa hivi, waliozoea kusikia Kiingereza tu nyumbani. Kundi moja liliketi na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, vipindi 12 kwa jumla. Kundi jingine lilioneshwa mambo hayo hayo katika televisheni: watu wale wale, Kichina kile kile.

Walipopimwa, watoto walioketi na mtu waliweza kuzitambua sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakupata kitu. Walikuwa sawa na watoto ambao hawakupata kusikia Kichina hata siku moja.

Sababu haiko mbali. Mtoto mchanga hutoa sauti, mama huijibu. Mtoto hunyoosha kidole, baba hutazama kule na kutaja jina la kitu. Mtoto hukosea, mkubwa hucheka naye na kumrekebisha. Ni mazungumzo ya kupokezana, kama mafundi wawili wanavyopokezana spana chini ya gari. Katuni husema, lakini haisikii. Mtoto akiiuliza, haimjibu. Akichoka, haioni. Na katuni nyingi zilizo katika simu zetu husema lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aisemaye, hivyo mtoto hata akiikariri hana wa kuitumia naye.

Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wasiofika miaka mitano. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asitazamishwe kioo chochote, iwe simu au televisheni. Mwenye mwaka mmoja pia haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku, na usingizi wa saa 10 hadi 13. Saa azikaazo mbele ya kioo hutolewa humo, katika kukimbia, kulala na kusema.

KOMPYUTA ZAIDI YA LAKI MBILI

Wapo watakaosema: shida ni katuni, bali tukipata mashine za masomo mambo yatakuwa mengine. Bahati nzuri nchi yetu ya Rwanda imekwisha kulijaribu jambo hilo, na majirani nao wamelijaribu. Yafaa tujifunze humo.

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mradi wa kumpa kila mtoto kompyuta ndogo ya dola 100. Zilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 bei ilikuwa imekaribia dola 200. Rwanda iliingia katika mpango huo mwaka 2008, na katika miaka iliyofuata kompyuta zaidi ya 200,000 za rangi nyeupe na kijani ziligawanywa katika shule za msingi. Katika Afrika nchi chache sana zilifanya jambo kubwa kiasi hicho. Shabaha ilikuwa njema: mtoto wa mkulima awe na chombo alicho nacho mtoto wa tajiri.

Lakini habari zilizotoka shuleni zilikuwa mchanganyiko. Shule nyingi hazikuwa na umeme. Walimu wengi walipokea mashine kabla ya kupata mafunzo ya kutosha. Mahali pengine, kwa kuogopa wizi na uharibifu, kompyuta zilifungiwa kabatini. Tena zilikuwa zimebuniwa ziweze kufunguliwa na kutengenezwa hata na mwanafunzi! Lakini hapa Gatsata hatuhitaji kufundishwa jambo hili: chombo kisicho na fundi wala spea karibu, mwisho wake ni chuma chakavu.

Huko Peru, Amerika ya Kusini, kompyuta hizo hizo zilipelekwa vijijini. Mwaka 2012 wataalamu wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi wa shule 319. Watoto walikuwa wamezoea kutumia kompyuta, ndiyo. Lakini katika hesabu na kusoma hawakuwazidi watoto wa shule zisizopewa.

Kenya nayo, mwaka 2013, iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia mwaka 2016 vilitolewa vishikwambi, vikapita milioni moja. Baadaye ikaja tena habari ile ile ya vifaa vilivyolala stoo.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi watoto wa wafanyakazi wasiguse kompyuta. Mtoto wa fundi ana haki ya kuijua mashine kama mtoto wa mkurugenzi, na umri wake ukifika lazima aijue. Twasema kwamba katika habari hizi zote fedha ya chombo ilitangulia, na fedha ya mtu wa kukaa karibu na chombo ikachelewa.

REDIO CHINI YA MWEMBE

Sasa tutazame mfano wa upande wa pili, wa chombo rahisi sana.

Mwaka 1974 nchini Nikaragua walianza kufundisha hesabu kwa redio kwa njia mpya. Sauti ya redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza ili watoto wajibu kwa pamoja. Iliwaambia wasimame, wahesabu mawe, waimbe. Mwalimu alikuwapo darasani akiongoza. Njia hiyo ilienea katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Kuanzia mwaka 2006 Zanzibar iliitumia njia hiyo kwa watoto wadogo. Vipindi viliitwa Tucheze Tujifunze, kwa Kiswahili, vya nusu saa hivi. Watoto ambao kijiji chao hakikuwa na shule ya awali walikusanyika kituoni, pengine chini ya mti, pamoja na mtu mzima aliyechaguliwa na wanakijiji na kupewa mafunzo. Redio iliwaimbisha na kuwauliza. Mtu mzima aliwatazama: nani ameelewa, nani analia, nani hakunywa chai asubuhi.

Rwanda nayo ina kipindi cha redio cha watoto, Itetero, kilichoanzishwa mwaka 2015 na Shirika la Utangazaji la Rwanda pamoja na UNICEF, kwa Kinyarwanda, kwa watoto wadogo na wazazi wao. Na shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yaliendelezwa kwa redio na televisheni. Watoto wa shule za awali walikuwa miongoni mwa wa mwisho kurudi, mwaka 2021. Wakati huo kila mzazi alijionea mwenyewe: nyumba iliyokuwa na mtu wa kuketi na mtoto karibu na redio, mtoto aliimba na kujibu; nyumba isiyokuwa na mtu, redio ilisema peke yake.

Linganisheni mifano hii miwili. Kompyuta ni chombo kikubwa kuliko redio. Lakini redio yenye mlezi humfaa mtoto wa miaka minne kuliko kompyuta isiyo na mlezi. Tofauti haiko katika chombo. Iko kwa mtu aliyeketi kando ya mtoto.

FUNDI NA CHOMBO CHAKE

Mafundi wa Gatsata watatuelewa upesi. Siku hizi gari jipya hupimwa kwa kompyuta. Unachomeka waya, namba ya kosa inatokea. Lakini namba haifungui injini. Asiyejua kazi atabadilisha kifaa kizima kwa fedha ya mwenye gari. Fundi hodari atakuta waya mmoja umelegea. Kompyuta ile ile, mikono miwili tofauti. Darasani nako ndivyo ilivyo.

Tena, kwa mtoto mdogo mashine ya kwanza ni ile anayoweza kuishika, kuigeuza na kuifungua. Watoto wetu husukuma gurudumu kwa kijiti na kuunda magari kwa waya na vizibo vya chupa. Wengi huona huo ni mchezo wa umaskini. Sisi chuoni tunafundishwa kuuheshimu. Mtoto anayetafuta kwa nini gari lake la waya linakwenda upande anafanya kazi ya akili ambayo kidole juu ya kioo hakiifanyi. Akipanga vizibo kumi, akaondoa vitatu, amefanya hesabu.

Ila hapa hatuna budi kutoa onyo. Vitu vya gereji si vyote vya kuchezea. Betri kuukuu zina madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mafuta machafu, asidi na vyuma vyenye kutu viwekwe mbali. Nanyi mnaoshika betri kazini, nawieni mikono na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Vizibo, maboksi, vibao na vitambaa vilivyooshwa vinatosha kabisa.

TUDAI NINI?

Tumesema mizizi ya jambo hili iko kazini. Basi dawa yake nayo tuitafute kazini, kwa pamoja, kwa njia ya chama.

Kwanza, mahali. Mtoto anahitaji kituo cha malezi, kile ambacho Wanyarwanda huita irerero, karibu na kazi ya mzazi. Hili si jambo la ndoto. Baadhi ya mashamba ya chai nchini Rwanda, yakishirikiana na serikali na UNICEF, yamekwisha kufungua vituo vya namna hiyo, na mama huchuma chai akijua mwanawe yu wapi. Kama yamewezekana shambani, kwa nini yasiwezekane kwenye eneo la magereji ambako mamia ya watu hufanya kazi mahali pamoja? Tajiri mmoja wa gereji ndogo hawezi peke yake. Wenye magereji, ushirika wa mafundi na ofisi ya sekta wakikaa meza moja wanaweza. Tangu mwaka 2020 iko pia Taasisi ya Taifa ya Maendeleo ya Mtoto, yenye jukumu la mambo haya. Wajumbe wetu walipeleke neno hili katika orodha ya madai, pamoja na mishahara na usalama kazini, si nyuma yake.

Pili, mlezi alipwe. Walezi wengi wa vituo vya vijijini na vya majumbani ni watu wa kujitolea, na wengi wao ni wanawake. Mtu anayewatunza watoto ishirini tangu asubuhi ni mfanyakazi kama sisi. Mfanyakazi asiyelipwa leo yupo, kesho ameitwa kupalilia shamba la mtu kwa ujira, na watoto wamerudi kwenye simu. Chama kinachomtetea mpakia mizigo kimtetee naye.

Tatu, mafunzo. Kila fedha ya mashine iende pamoja na fedha ya kumfundisha mtu wa kuitumia. Hili ni letu pia sisi walimu wa kesho: tusikubali kukabidhiwa makasha ya vifaa badala ya mafunzo na mshahara.

Nne, mashine yenyewe. Kituo cha watoto wadogo kikipata redio nzuri, na simu moja mkononi mwa mlezi ya kupatia nyimbo, hadithi na picha, kimepata kingi kwa kuanzia. Viko pia vipindi vya picha vilivyotengenezwa hapa kwetu Afrika Mashariki, kama vile Akili and Me cha Dar es Salaam, chenye matoleo ya Kiswahili na Kinyarwanda. Mlezi akikitazama pamoja na watoto, akakisimamisha na kuwauliza, kimekuwa somo.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Siku hizi ziko shule za awali zinazotoza ada ya juu kwa kuwa zina "somo la kompyuta" kwa watoto wa miaka mitatu. Mzazi hujinyima ili mwanawe asiachwe nyuma. Kabla hujalipa, ndugu, uliza kama unavyouliza ukinunua gari lililotumika:

Mtoto akiwa mbele ya mashine, nani ameketi naye, na ana watoto wangapi?
Mashine inasema lugha gani, na nyumbani nani anaijua?
Umeme ukikatika, somo linaendeleaje?
Ikiharibika, nani ataitengeneza, kwa fedha ya nani?
Mwalimu analipwa kila mwezi, au ada yote imekwenda kwenye vifaa?

Ukijibiwa vizuri, lipa kwa moyo mweupe. Ukijibiwa kwa kuoneshwa rangi ya kompyuta tu, tafuta shule nyingine.

NA NYUMBANI JIONI

Tunajua mnarudi mmechoka. Hatutawapa mzigo mkubwa. Nusu saa inatosha kuanza. Simu iwekwe juu ya kabati. Mtoto aulizwe leo aliona nini, naye aachiwe kusema mpaka amalize. Asaidie kuhesabu viazi vya chakula. Aimbiwe wimbo ule uliokulea wewe. Kama simu lazima itumike, itumike mkiwa wawili, mkizungumza juu ya kile mnachokiona. Na wakati wa kulala isiwepo kitandani.

Mama yule wa chakula anahitaji mahali pa kumweka mwanawe ambapo pana mtu, si simu iliyo bora zaidi. Mahali hapo hapataletwa na muuzaji wa simu. Patapatikana tukipadai kwa sauti moja, fundi, mshonaji, mchuma chai na mwalimu. Basi katika mkutano ujao wa tawi, ndugu, inueni mkono na kuuliza: watoto wetu wanabaki na nani?